Anza na Aliyeileta, Uso Utazame Mwisho

Klipu ya kutilia shaka ikitua kwenye meza ya uhakiki, mgeni wa kazi hii huikuza haraka na kuanza kuhesabu vidole, maana picha za akili mnemba (AI) zilikuwa zikikosea idadi yake. Hatumlaumu. Mwaka 2023 ushauri huo ulizagaa kila mahali, na wakati ule ulisaidia kweli: ile picha ya Papa Francis akiwa na koti jeupe nene la baridi, iliyotengenezwa kwa programu ya Midjourney Machi mwaka huo, ilisaliti uongo wake kwenye mkono ulioshika kikombe. Leo ushauri huo unadhuru. Programu zimeshajifunza vidole. Anayevihesabu atakuta vitano, ataridhika, na ataipitisha picha ya uongo moyo ukiwa umetulia. Na macho yalikuwa hivyo hivyo. Mwaka 2018 watafiti walionyesha kwamba nyuso zilizoghushiwa hazipepesi macho kama watu. Haukupita muda zikaanza kupepesa.

Kila dalili ya usoni ina siku zake za kuishi. Njia ambayo klipu imepita hadi kukufikia haizeeki namna hiyo, ndiyo maana sisi tunaanza na aliyeileta, na uso tunautazama mwisho.

Jambo la kwanza ni kulipata faili lenyewe. Skrinishoti haitoshi, wala video iliyorekodiwa kwa simu nyingine ikielekezwa kwenye kioo. Mwombe aliyekutumia akutumie tena kama hati (Document), si kama picha, kwa sababu WhatsApp ikituma picha kwa njia ya kawaida huibana na kufuta data zake za ndani: tarehe ya kupigwa, aina ya kamera, pengine na mahali. Mpigaji mwenyewe akipatikana, hati hiyo kutoka simu yake ina thamani kuliko programu yoyote ya uchunguzi. Kama aliyekutumia naye aliipokea kwa mwingine, data hizo hazipo tena. Usipoteze bando kuzitafuta.

Hapa pana mtego unaowanasa hata waandishi wa habari wazoefu. Kwenye simu za Android, picha iliyopita WhatsApp hupewa jina kama IMG-20240612-WA0003, na ujumbe wa sauti jina linaloanza na PTT. Mtu husoma tarakimu zile akasema, "Si unaona, imepigwa Juni 12." Hapana. Hiyo ni siku ambayo picha iliingia kwenye simu hiyo. Picha ya mafuriko ya miaka 10 iliyopita ukiipokea leo asubuhi itavaa tarehe ya leo.

Ukishalipata faili, uliza swali moja tu: wewe umeitoa wapi? Kisha umfuate huyo aliyetajwa, na aliyemtangulia. Mara nyingi mnyororo hukatika kwenye hatua ya tatu au ya nne, kwa mtu anayesema "nimeikuta kwenye grupu". Hata kukatika huko ni habari. Video inayodai kuonyesha tukio la jana Mbeya, halafu hakuna hata mtu mmoja wa Mbeya kwenye mnyororo, tayari ina kasoro. Angalia pia ile mishale miwili juu ya ujumbe: maana yake umeshatoka mkono hadi mkono mara nyingi. Tangu Januari 2019 WhatsApp hairuhusu kuufowadi ujumbe kwa zaidi ya mazungumzo 5 kwa mara moja, na tangu Aprili 2020 ule uliokwishasafiri sana unapelekwa kwenye mazungumzo mamoja tu kila mara. Mishale miwili haithibitishi uongo. Inakuambia kwamba ujumbe haukuanzia kwa aliyekutumia.

Kama iko mtandaoni, ihifadhi kabla hujagusa kitu kingine: nakili kiungo, andika siku na saa, weka ukurasa kwenye Wayback Machine, tovuti inayohifadhi nakala za kurasa za mtandaoni. Wenye uongo wao hufuta mapema wakishaona wameulizwa, na ukishindwa kuonyesha ulichokuwa unakikanusha, utaonekana wewe ndiye mzushi.

Sehemu kubwa ya uongo unaotufikia haukutengenezwa na akili mnemba hata kidogo. Ni video ya kweli, ya mahali pengine, ya mwaka mwingine, iliyoandikiwa maneno mapya. Ghorofa likianguka mjini, baada ya saa moja huanza kuzunguka picha za maghorofa yaliyoanguka Asia miaka kadhaa nyuma. Kenya ilionja kitu cha karibu na hicho muda mfupi kabla ya uchaguzi wa Agosti 8, 2017: zilisambaa video mbili, moja imevishwa nembo ya BBC na nyingine ya CNN, zikitoa matokeo ya kura za maoni kama vile zimesomwa na vituo hivyo. Vyombo vyote viwili vikakana. Aliyezitengeneza hakuhitaji mashine ya kuzalisha nyuso. Alihitaji vipande vya matangazo halisi, mchoro wa takwimu, na mkono unaojua kuhariri.

Kwa uongo wa aina hii tunatafuta picha kwa picha. Usitumie fremu ya kwanza, yaani picha moja iliyogandishwa ya video, peke yake. Toa fremu 5 au 6, kila moja kutoka mkato tofauti, na chagua zile pana zinazoonyesha majengo, mabango na barabara, kwa kuwa uso wa mtu anayelia haukuambii yuko nchi gani. Zipitishe kwenye Google Lens, halafu Yandex, halafu TinEye, ambayo ina uzuri wa kukupangia matokeo kuanzia la zamani kabisa. Zisipoleta kitu, zigeuze kulia kuwa kushoto kisha ujaribu tena. Wasambazaji huzigeuza makusudi ili zisitambulike. Kata maandishi yaliyobandikwa juu. Na ukiotea nchi, tafuta kwa lugha ya nchi hiyo. Video ya Kihispania haitajitokeza ukiandika "mafuriko".

Kisha soma barabara. Kwetu Afrika Mashariki barabara inasema mengi kuliko watu. Tanzania, Kenya na Uganda magari hupita kushoto. Rwanda, Burundi na Kongo hupita kulia. Hilo pekee limeshamaliza kesi nyingi kwa sekunde 10. Namba ya gari ya Tanzania huanza na T, kisha tarakimu tatu, kisha herufi tatu. Ya Kenya huanza na K na kumalizia kwa herufi moja. Ya Uganda huanza na U. Matatu ya Kenya ina mstari wa njano ubavuni. Tazama na vivuli: Dar es Salaam mwezi Juni kivuli cha adhuhuri huangukia kusini, na Desemba huangukia kaskazini. Mtu akidai video ya mchana ni ya Juni na vivuli vyote vinaelekea kaskazini, mwulize vizuri.

Barua za "Taarifa kwa Umma" zina fundo lake. Mghushi huchukua barua halisi, akabadili aya moja. Basi linganisha herufi za aya moja na nyingine, angalia kama siku ya juma inalingana na tarehe iliyoandikwa, na usome kiungo cha tovuti kuanzia kulia. Kinachohesabika ni kilichotangulia mkwaju (/) wa kwanza baada ya https://: anwani inayoishia go.tz au go.ke ni ya serikali, lakini yenye go.tz katikati na mkia wa .com ni ya tapeli, hata nembo ya taifa ing'ae vipi.

Baada ya hayo yote, na klipu bado imesimama, ndipo tunautazama uso. Zima sauti. Punguza mwendo hadi robo. Chagua sekunde 10 ambazo mzungumzaji ametazama kamera na mdomo wake unaonekana. Halafu tafuta m, b na p. Herufi hizi haziwezi kutamkwa midomo ikiwa wazi. Jaribu mwenyewe mbele ya kioo. Salamu yetu ya majukwaani ni zawadi kwa mhakiki: "Mabibi na mabwana" inafunga midomo mara 5. Zihesabu. Kwenye video nyingi ambazo mdomo umebandikwa juu ya uso halisi, utakuta midomo inakaribiana bila kugusana, au inagusana mara 3 badala ya 5. Kwa f na v, mdomo wa chini lazima uguse meno ya juu.

Kuna namna mbili za kukosea hapa. Ya kwanza ni kuhukumu video iliyobanwa mpaka mdomo umekuwa doa la pikseli. Video kama hiyo haihukumiki kwa macho, tafuta nakala safi zaidi. Ya pili ni kuchanganya uongo na kuchelewa kwa sauti. Sauti iliyochelewa tu huchelewa kwa kiasi kile kile tangu mwanzo hadi mwisho, ilhali mdomo wa kughushi hupatana na maneno hapa, ukaachana nayo pale, kisha ukapatana tena. Angalia vilevile mkono unapopita mbele ya uso, na kichwa kinapogeuka hadi sikio lionekane lote. Kingo za uso zikicheza kama maji hapo, una jambo la kufuatilia. Zisipocheza, hujathibitisha chochote.

Programu za kugundua ughushi, zile zinazotoa asilimia ya uongo, tunazitumia kwa hofu. WhatsApp huibana sauti na kuondoa mitetemo midogo ambayo programu hizo huitegemea, hivyo rekodi ya kweli iliyopita WhatsApp inaweza kupewa asilimia 80 za uongo. Na nyingi zimefundishwa kwa Kiingereza. Hatujawahi kuandika "ni ghushi" kwa sababu ya asilimia peke yake, na hatumshauri mtu yeyote afanye hivyo.

Sauti ndiyo inayotutia wasiwasi zaidi, maana ni rahisi kuigiza na haina kingo za kutazama. Januari 2023 Microsoft ilionyesha mfumo ulioitwa VALL-E, unaoiga sauti ya mtu kwa sampuli ya sekunde 3. Ujumbe mmoja wa sauti wa WhatsApp una sekunde nyingi kuliko hizo. Sote tunaujua ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Fikiria sasa unasemwa kwa sauti ya mwanao. Mashine iliyofundishwa kwa lugha nyingine bado hujikwaa kwenye Kiswahili: inatamka ng'ombe kama ngombe, inaisoma "barabara" ya kupita magari kwa mkazo wa "barabara" ya sawasawa, inaburuza irabu, inavuta pumzi mahali ambapo mtu asingevuta, au haivuti kabisa. Makosa hayo yanapungua kila mwaka, kwa hiyo usiyategemee.

Tegemea mwenendo. Kata simu, kisha piga wewe kwa namba uliyo nayo siku zote. Hapo pia pana shimo: laini ikiwa imeibwa na kusajiliwa upya, namba ile ile ya kila siku itapokelewa na mwizi. Ndiyo maana tunasema piga na mtu wa pili aliye karibu naye, jirani, mke, mwenzake wa kazini. Uliza jambo ambalo halipo Facebook: Idi iliyopita tulikula kwa nani? Wekeni na neno la siri la familia, mkaambizane mdomo kwa mdomo, lisiandikwe kwenye grupu. Na msimsahau bibi. Neno la siri hushindwa mara nyingi kwa kuwa vijana wamekubaliana wao kwa wao, na mwenye pensheni, ambaye ndiye anayewindwa, hakuambiwa. Tanzania namba ya tapeli ripoti 15040; Kenya wateja wa Safaricom hupeleka ujumbe 333. Kama hela imeshatoka, mpigie mtoa huduma wako dakika hiyo hiyo, kabla haijatolewa kwa wakala.

Wanaodhani hayo huwapata wasiosoma wakumbuke mfanyakazi wa Arup, kampuni ya uhandisi ya Uingereza, ofisi ya Hong Kong, mwanzoni mwa 2024. Alipopata barua pepe ya kumtaka afanye malipo ya siri, alishuku. Akaalikwa kwenye mkutano wa video, akawaona mkuu wa fedha na wenzake wengine, wote sura anazozijua, na shaka ikamtoka. Akafanya miamala 15, jumla dola za Hong Kong milioni 200, kama dola za Marekani milioni 25. Kila uso kwenye mkutano ule isipokuwa wake ulikuwa wa kughushi. Shaka yake ya kwanza, iliyohusu barua imetoka wapi, ilikuwa sahihi. Macho yake ndiyo yaliyomwangusha.

Lakini kesi tunayowafundishia wageni siku yao ya kwanza ni ya Gabon, na ndani yake hamna video ghushi. Oktoba 2018 Rais Ali Bongo aliugua akiwa Riyadh. Miezi ikapita, serikali ikisema machache, na watu wakaanza kusema amekufa. Mwaka mpya ulipokaribia ikatolewa video ya hotuba yake. Uso ulikuwa mkavu, macho hayapepesi kawaida, mkono mmoja umetulia kupita kiasi, maneno yanatoka kwa shida. Mara likaja neno jipya, dipufeki, yaani video ya mtu iliyoghushiwa kwa akili mnemba, na wengi wakaamini rais waliyemwona ni wa mashine. Januari 7, 2019 kikundi cha wanajeshi kikateka redio ya taifa mjini Libreville, kikasema hotuba ile imezidisha shaka juu ya uwezo wake wa kutawala. Jaribio lao lilizimwa siku ile ile, na watu wakafa. Wataalamu walioichunguza video hawakuona ushahidi kwamba imeghushiwa. Bongo alikuwa hai, amepata kiharusi, na dalili zilizotajwa kuwa za mashine zinaelezeka kwa ugonjwa.

Hili ndilo linalobadilisha uhusiano wa watu na ukweli kuliko video yoyote ya uongo. Robert Chesney na Danielle Citron, wanasheria wa Marekani, waliliita faida ya mwongo: watu wakishajua kwamba video inaweza kughushiwa, mwenye hatia hupata mlango wa kutokea. Amerekodiwa akipokea rushwa, atasema ni akili mnemba. Kwa hiyo anayekuja kwetu na dai la "hiyo ni AI" tunampa mzigo ule ule wa anayedai "hii ni kweli". Atuonyeshe nakala asilia, alikuwa wapi saa ile, nani alikuwepo. Kukana siyo ushahidi.

Na mamlaka kukana siyo ushahidi pia. Machi 2021 Tanzania ilipita kwenye wiki ngumu. Rais John Magufuli hakuwa ameonekana hadharani tangu Februari 27. Machi 12 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliwaambia wananchi kwamba Rais yupo salama na anachapa kazi. Polisi walikamata watu kwa kusambaza uvumi. Machi 17 usiku, Makamu wa Rais Samia Suluhu Hassan akatangaza kifo chake. Mhakiki aliyegonga muhuri wa UONGO kwenye habari za ugonjwa kwa sababu tu serikali imekana, alibaki na muhuri wake mkononi. Lipo neno moja lenye uzito mkubwa kwenye kazi hii, na ni gumu kuliandika watu wanapokusukuma kuchagua upande: HAIJATHIBITISHWA. Ukimya wa wakubwa huzaa uvumi haraka kuliko mashine, na kuusahihisha uvumi huo si kazi ya mhakiki mpaka kuwe na kitu cha kusahihishia.

Ukishapata jibu, namna ya kulirudisha ina ufundi wake. Anza na ukweli, taja uongo mara moja, eleza umejuaje, rudia ukweli. Usiiweke klipu ya uongo ikiwa safi; ichape neno kubwa linalokata katikati ya uso, ili atakayeikata kingo asiweze kuitumia upya. Tengeneza picha nyepesi, chini ya KB 200, na ujumbe wa sauti usiozidi dakika moja. Makala ya maneno 1,500 haifiki kwa mtu mwenye bando la siku, ilhali uongo ulimfikia kwa sekunde 30. Na ukikosea wewe, acha posti ya zamani ionekane, weka marekebisho juu yake pamoja na tarehe na saa.

Kwenye grupu la ukoo, usimsahihishe mkubwa mbele ya wajukuu zake. Atatetea video ile kwa nguvu zote, na waliokuwa na shaka watanyamaza kwa heshima. Mfuate pembeni: "Shikamoo baba mdogo. Ile video ya asubuhi ni ya 2015, na si ya kwetu, magari yake yanapita kulia. Naomba uwaambie wewe mwenyewe kule kwenye grupu, wewe watakusikia." Mwandikie mapema, kwa sababu WhatsApp humpa mtumaji siku 2 na saa chache tu za kuufuta ujumbe kwa wote. Zikipita, mwombe admini wa grupu. Yeye anaweza kuuondoa hata baadaye.